Punda wa Kisauni au farasi wa ufuoni: mgeni wa mchezo wa gari aanzie wapi?

"Ami, nataka kuendesha hivi," kijana mmoja wa Mtopanga aliniambia barazani, akanitia simu usoni. Ilikuwa video ya Ulaya: farasi wanne wanalivuta gari la chuma, wanaingia majini, wanatoka, wanakata kona baina ya nguzo, na nyuma ya gari mtu amening'inia kama makanga wa matatu. Nikamuuliza kama amewahi kushika hatamu za punda wa maji. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Nimekulia juu ya gari la punda la babu yangu, enzi ambazo mfereji kwetu ulikuwa wa kusikia tu. Baadaye nikaenda ng'ambo, nikafanya kazi miaka mitatu katika banda la farasi ambako wageni walifundishwa mchezo huu. Tangu nirudi, wanaoniuliza wameongezeka: vijana, akina mama wawili watatu, mzee mmoja mstaafu wa bandari. Wote huanza na swali lilelile, punda au farasi, na wote huwa hawajayafikiria mengine yaliyo mazito zaidi: gari la magurudumu mangapi, mwalimu wa namna gani, na mazoezi wapi. Hapa nayalinganisha yote manne, nikisema wazi ninapoegemea.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Mashindano yake makubwa yana sehemu tatu. Ya kwanza ni uwanjani, ambapo majaji hutazama utulivu na utiifu wa mnyama katika michoro iliyopangwa. Ya pili ni mbio za masafa zenye vikwazo vya nguzo, vilima na maji. Ya tatu ni kupita baina ya jozi za koni ambazo juu ya kila moja pamewekwa mpira. Nafasi ni finyu, inazidi upana wa magurudumu kwa sentimita kadhaa tu, na mpira ukianguka unatozwa alama 3. Kanuni za kimataifa ziliandikwa chini ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, wakati rais wake akiwa Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Mashindano ya kwanza ya dunia ya farasi wanne yalifanyika Münster, Ujerumani, mwaka 1972. Philip mwenyewe aliuingia mchezo huu akiwa amekwisha fika miaka 50, baada ya kuacha polo. Ninalitaja hilo kwa ajili ya yule mzee wa bandari, aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama hajachelewa.

Punda na farasi

Kwa macho, farasi ameshinda kabla filimbi haijapulizwa. Shingo imeinuka, hatua ni ndefu, na watoto wa mtaa wanakimbia nyuma yake. Punda anakokota mitungi. Lakini mgeni haanzi kwa kutazamwa, anaanza kwa kukosea, na swali la kwanza ni hili: nikikosea, mnyama huyu atafanya nini?

Farasi akishtuka hukimbia kwanza, halafu ndipo afikiri. Na farasi aliyefungwa gari ana shida ambayo wa kupandwa hana: kitu kinachomtisha kimefungwa nyuma yake. Anakimbia, gari linampigia kelele, anazidi kukimbia, nalo linazidi kumfuata. Nimeona mara moja tu gari likimpotea mwenyewe namna hiyo, na sitaki kuona tena. Punda akishtuka husimama. Hupanda miguu chini kama nguzo za jeti, akaelekeza masikio, akatazama mpaka aridhike. Watu wetu wanaita ukaidi. Mimi naita muda, na mgeni anahitaji muda kuliko kitu kingine: wa kukumbuka mkono upi ulegee, wa kumsikia mwalimu, wa kuvuta pumzi.

Sisemi punda hakimbii. Hukimbia, na akiamua hana breki. Lakini katika makosa kumi ya mgeni, punda humsamehe manane.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wanaompigia debe punda hulipita haraka. Punda huficha maumivu. Farasi mwenye kidonda begani atarusha kichwa, atakataa, atakuonyesha. Punda ataendelea kutembea na uso uleule, na mgeni asiyejua kupapasa chini ya matandiko atadhani mambo ni shwari. Kwa hiyo makosa yaliyo nafuu kwako yanaweza kuwa ghali kwake. Anayeanza na punda ajifunze kwanza kumkagua, kabla ya hatamu: kwato nne, mgongo, kifua, pembe za mdomo, na mahali kila mkanda unapogusa ngozi. Robo saa kila siku. Asiye na robo saa hiyo asianze.

Kuna suala la uzito pia. Gari la maji lenye mitungi 20 ya lita 20 lina kilo 400 za maji peke yake, mbali na mbao, ekseli na mchukuzi aliyekaa juu. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Katika barabara ya lami iliyo tambarare, magurudumu yakiwa na upepo, anaweza. Kwenye mchanga wa Utange ni mateso. Kwa mazoezi ya mchezo unahitaji gari tupu na watu wawili, basi. Punda aliyezoea mzigo, siku ya kwanza ya gari tupu, huwa mwepesi ajabu. Wako wanaoshangaa kumwona akienda mwendo wa matiti, zile mbio za polepole, bila kuchapwa.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Punda asili yake ni nchi kavu zenye jua, na Mombasa ameizoea, ingawa hapendi mvua kwani manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Farasi anaweza kuishi hapa, lakini kwa matunzo. Joto la Februari na Machi likichanganyika na unyevu wa bahari humtoa jasho hata akiwa amesimama kivulini, na anaweza kunywa lita 40 au 50 kwa siku akifanya kazi. Ukiwa mtaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi, piga hesabu mwenyewe. Kisha kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao punda huustahimili vizuri zaidi. Farasi anahitaji chanjo na kuingizwa bandani kabla ya magharibi. Na kusini mwetu, upande wa Shimba Hills, kuna mbung'o. Usimpeleke farasi huko kwa matembezi bila kuzungumza na daktari wa mifugo. Mbung'o ni mojawapo ya sababu zilizofanya mizigo ya misafara ya zamani kutoka pwani kwenda bara ibebwe vichwani na mabegani mwa watu. Hapa kisiwani napo, kabla ya motokaa kuenea, mabwana wa kikoloni walipanda vigari vya reli nyembamba vilivyosukumwa na binadamu. Kwa hiyo yule anayesema gari la farasi ni jadi ya Mombasa namwomba asitie chumvi. Jadi yetu ni kusukuma.

Farasi ana ubora gani basi? Mkono. Farasi aliyefundishwa vizuri husoma kidole chako. Ukikaza hatamu ya kushoto kidogo tu, sikio la kushoto linageuka kabla ya kichwa. Ukiwa na mkono mzito atakwambia papo hapo, na hakuna mwalimu anayefundisha kwa kasi hiyo. Punda husikiliza zaidi sauti na mazoea. Anaweza kukupeleka njia nzima vizuri wewe ukiwa unafanya makosa, na ukarudi nyumbani ukijisifu kwa kazi aliyoifanya yeye. Tena mashindano ya FEI ni ya farasi na poni, wale farasi wadogo. Mwenye ndoto ya kusimama siku moja mbele ya majaji hawezi kuishia kwa punda.

Wenzetu wa Lamu huniambia, "Sisi punda twamjua tangu utotoni." Kweli wanamjua, na tangu 1987 Lamu ina kliniki ya shirika la The Donkey Sanctuary. Lakini vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Punda wa kule hupandwa, au hubeba mchanga na mawe mgongoni. Kijana wa Lamu akija hapa anamsoma mnyama vizuri kuliko sote, ila ukimpa kitu kinachofuata nyuma chenye upana wa mita moja na nusu, anagonga ukuta kama mgeni mwingine yeyote. Humchukua wiki chache. Yule asiyemjua punda kabisa humchukua miezi.

Ukitaka kununua punda, muulize muuzaji alikotoka. Biashara ya ngozi iliwafanya wezi waingie mazizini usiku nchini humu, na ingawa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, punda wa wizi bado anaweza kukujia kwa bei ya kirafiki. Usimchukue aliye chini ya miaka minne. Na usimchukue mmoja ukamfungia peke yake uani: punda ni mnyama wa mwenzake, akitengwa hunyong'onyea. Kama huwezi kuwaweka wawili, kodi wa jirani kwa saa.

Magurudumu mawili na manne

Magari yetu ya punda karibu yote ni ya magurudumu mawili: ekseli ya gari bovu, matairi yake, jukwaa la mbao, miti miwili mbele. Ya mchezo yako ya aina zote mbili, na wageni hupenda manne kwa sababu yanaonekana imara. Kupanda ni rahisi, halinyanyuki upande mmoja ukikanyaga, uzito haumlemei mnyama mgongoni, na kwa kawaida lina breki.

Ila la manne lina hila yake. Ekseli ya mbele hugeuka peke yake, na ukikata kona kali, au ukirudi nyuma bila kujua, gari hujikunja katikati kama trela la lori barabara ya Mombasa-Nairobi. Likifika hapo hupinduka. La mawili halijikunji. Linafuata mnyama kama kivuli. Kosa lake liko kwenye mizani. Mzigo ukisogea mbele, miti humkandamiza mgongoni. Ukisogea nyuma, miti huinuka na mkanda wa tumbo ukamkaba. Kwa hiyo la mawili linamfundisha mgeni kukaa mahali pake, na somo hilo halitamwacha.

Mimi huanza na mawili kwa mtu mwenye miguu yake na uzima wake. Kwa mtoto mdogo, mzee wa magoti, au mtu mwenye ulemavu, manne bila kusita. Mengine yaliyoandikwa kuhusu vyuma, springi na rangi, acha mpaka mwaka wa pili.

Mwalimu wa mtaani na mwalimu wa banda

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu nimewaona wengi wakiuacha mchezo, na sikumbuki hata mmoja aliyeacha kwa sababu ya mnyama. Waliacha kwa sababu ya watu.

Mwalimu wa mtaani ni yule mwenye gari la maji au la mizigo. Unakaa kando yake alfajiri, unasaidia kujaza mitungi, na siku moja katikati ya njia anakutupia hatamu: "Shika, nanunua kahawa." Umeshaanza. Uzuri wa njia hii ni kwamba unajifunza katika dunia halisi. Tuktuk zinakupita kulia na kushoto, matatu inapiga honi sikioni, mtoto anavuka ghafla, na punda amesimama imara kwa sababu ameyaona hayo mara elfu. Unajifunza kuiona barabara mita hamsini mbele. Hakuna ada zaidi ya jasho lako na chai ya asubuhi.

Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekueleza kwa nini. Ukiuliza mbona kamba hii inapita hapa, jibu ni "ndivyo". Na mara nyingi somo la kwanza ni fimbo. Katika mchezo mjeledi hufanya kazi ya mguu wa mpanda farasi: kugusa tu, nyuma ya mkanda, kumwambia mnyama sogea au inama. Dereva hukaa kulia, kama dereva wa matatu, ili mjeledi ulio mkono wa kulia usimpige abiria. Aliyefunzwa mtaani huchukua miezi kuusahau mkono wa kuchapa, tena mkono huo hauko upande wa sheria: Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na haisemi kwamba punda wa maji hahesabiki.

Mwalimu wa banda ana utaratibu. Kila kitu kina jina na kila jambo lina zamu yake. Lijamu na hatamu kwanza, ndipo gari liletwe kwa mnyama, wala si mnyama arudishwe kwenye gari. Mtu mmoja asimame kichwani. Miti ipite kwenye vitanzi, kamba za kuvutia zifungwe, kisha mkanda wa nyuma unaozuia gari lisimgonge. Kufungua ni kinyume chake, hatua kwa hatua. Dereva hupanda wa kwanza, hatamu zikiwa mkononi, na hushuka wa mwisho. Mnyama aliye garini hafungwi kwenye mti wala kwenye nguzo. Na lijamu haivuliwi kamwe mnyama akiwa bado ndani ya gari, kwani ikitoka, na vile vikinga macho vya pembeni vinatoka nayo, naye ghafla anaona dubwana limemkalia mgongoni. Kanuni hizi zimetokana na mifupa iliyovunjika. Mchukuzi wa mtaani anazijua nusu yake kwa uzoefu. Nusu nyingine anazivunja kila siku na Mungu anamsitiri.

Lakini mabanda nayo yana ugonjwa wake. Pale nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, mgeni alipokewa kwa ufagio. Wiki tatu anafagia, hakuna anayemwambia jina la kitu chochote, na akiita mkanda kwa jina lisilo lake wenyeji hutazamana wakatabasamu. Alikuja mama mmoja, mhasibu, mwenye shauku ya kweli. Siku ya nne aliuliza swali ambalo hata mimi sikujua jibu lake. Mwalimu akamjibu, "Utajua ukikua." Mama yule alikuwa na miaka 52. Hakurudi, na ada yake ya miezi mitatu hakuidai.

Sisi tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mchezo huu ni kweli kwa hesabu kabisa. Gari haliendi na mtu mmoja. Panahitajika wa kichwani, panahitajika wa nyuma, yule makanga, ambaye kwenye mbio hukumbuka njia, huita zamu ya nguzo, na huegemea upande kuzuia gari lisiinuke. Klabu inayomfukuza mgeni inajinyima makanga wake.

Mlinganishe mama yule na walivyofanya Waingereza wa Riding for the Disabled, shirika linalowafunza watu wenye ulemavu kupanda na kuendesha. Kwao mgeni hupanda garini akiwa na hatamu zake mwenyewe, na kando yake hukaa dereva mzoefu mwenye jozi ya pili ya hatamu kwa mnyama yuleyule. Magari mengine yametengenezwa ili kiti cha magurudumu kiingie moja kwa moja. Mgeni anaendesha kweli, hachezeshwi. Kosa likizidi, mkono wa pili upo. Nimeiga jambo hili kwa punda, kwa kamba za nailoni za ziada zilizounganishwa kwenye pete zilezile, na sioni kwa nini liwe la wenye ulemavu tu. Kila mgeni anaweza kuendesha siku ya kwanza. Dakika kumi zinatosha. Atafagia kwa furaha kesho yake.

Yule ambaye hajapata mnyama wala mwalimu aanze na chupa. Funga ubao ukutani wenye pete mbili, pitisha kamba mbili, ning'iniza mwisho wa kila moja chupa ya maji ya lita moja, kaa kwenye kiti ushike kamba kama hatamu. Jizoeze kufupisha moja bila kuigusa nyingine, chupa zisitikisike. Kuna wanaoshika hatamu zote mkono wa kushoto na kuzirekebisha kwa wa kulia, mtindo ulioenezwa na Mjerumani Benno von Achenbach, na kuna wanaoshika mikono miwili. Mgeni ashike mikono miwili. Ubishi wa mitindo ni wa baraza, ngoja ufike barazani.

Chaguo langu: mwezi mmoja kwa mwalimu wa banda, au kwa yeyote anayezijua kanuni zile na ana subira ya kuzieleza, ndipo uende mtaani ukazoee kelele. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mtaani ni bure. Bure hiyo hulipwa baadaye.

Ufuo, uwanja, barabara

Ufuo ndio ndoto ya kila anayeniuliza. Bamburi, Shanzu, Nyali, mchanga mweupe, upepo. Mchanga mkavu wa juu ni adui: magurudumu huzama na mnyama huvuta mara mbili. Kinachofaa ni ule mgumu uliolowa, na huo hupatikana maji yakitoka. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji huenda mbali na una saa mbili tatu za barabara pana. Siku za maji mafu unapata kipande chembamba, na mwani wenye utelezi. Nyakati husogea kwa dakika hamsini hivi kila siku, basi tazama jedwali la maji, au muulize mvuvi, kabla ya kumtoa mnyama bandani.

Kwa farasi mgeni na mwanafunzi mgeni ufuo wa umma una kitu kimoja cha kutisha kuliko vyote: ngamia. Farasi wengi wasiowazoea hawavumilii harufu yao, na ufuo wa Jomo Kenyatta pale Bamburi una ngamia wa kubeba watalii. Ongeza mipira, muziki, na matanga ya wanaocheza na upepo, hasa kusi ikivuma. Punda hutazama, akaona ni watu tu, akaendelea.

Uwanja wa mpira alfajiri ni bora kwa mwezi wa kwanza. Mpana, una kingo, na koni unaweza kutengeneza kwa chupa za plastiki zilizotiwa mchanga, juu yake limau. Limau likianguka umekatwa alama 3. Tunafanya kabla ya saa tatu asubuhi, kabla jua halijakolea na kabla vijana wa mpira hawajaja kudai uwanja wao.

Barabara iwe ya mwisho, na kamwe si peke yako.

Kwa hiyo nani achague nini

Kama hujawahi kuwa karibu na mnyama mkubwa, chagua punda aliyekomaa, gari la magurudumu mawili tupu, uwanja wa alfajiri, na mtu mwenye hatamu za pili. Kama umepanda farasi miaka na mkono wako ni mwepesi, punda atakuchosha. Nenda kwa farasi mtulivu, lakini bado utembee nyuma yake kwa miguu, hatamu ndefu mkononi, bila gari, wiki mbili za mwanzo. Upandaji haukufundishi kuendesha kitu kilicho nyuma ya mnyama. Kama una mtoto, mwache amsugue na kumlisha kwanza, na gari liwe la manne. Ukiwa na kiti cha magurudumu, tafuta fundi wa kuchomelea kabla ya kutafuta mnyama: ubao wa kupandia na kufuli za magurudumu ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri wa Kongowea. Yeyote uwaye, kofia ngumu kichwani. Ya bodaboda si bora kwa kazi hii, lakini inashinda kofia ya kiua.

Mzee wa bandari alichagua farasi, hakunisikiliza, na anaendelea vizuri. Alikuwa ameendesha kreni miaka thelathini. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Yule kijana wa Mtopanga alirudi baada ya wiki, bila simu. Sasa ni mwezi wa pili anatembea nyuma ya punda jike wa jirani yangu kila Jumamosi, kamba mbili mkononi, anazunguka chupa na malimau. Juzi aliniuliza atapanda gari lini. Nikamwambia ahesabu malimau yaliyoanguka. Akaangalia nyuma: mawili. Akamgeuza punda, akaanza upya.